Mazungumzo ya Nyumbani: Maneno ya Kompyuta kwa Waanzao

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya malezi, na maji safi, na akiba ya chakula. Mwezi huu twataka kusema juu ya maneno. Si maneno ya ugomvi, bali maneno ya kompyuta na mtandao, ambayo wengi wetu huyasikia vinywani mwa watoto wao, wakatikisa kichwa kana kwamba wameelewa. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa hao watikisao kichwa, mpaka jambo moja lilipotupata katika jamaa yetu, nalo ndilo lililotushikisha kalamu.

Binti wa ndugu yetu mdogo alimaliza kidato cha sita, akafaulu. Ikampasa kuomba nafasi ya chuo, na siku hizi maombi hayo hayatiwi katika bahasha; hujazwa katika mtandao. Nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta, na simu ya baba yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe. Basi baba akamchukua binti mpaka mjini, katika duka moja lifanyalo kazi ya kuchapa na kutoa nakala. Kijana wa duka akawapokea vizuri, akauliza, "Mzee, binti ana barua pepe?" Baba akajibu, "Barua zote tumekuja nazo, mwanangu, zimo humu mfukoni." Kijana akacheka kidogo, akasema, "Haidhuru, mzee, nitaweka ya kwangu." Akaandika, akabonyeza, akatoa karatasi moja iliyochapwa, akapokea shilingi elfu tano. Wakarudi nyumbani na karatasi yao, wakidhani kazi imekwisha.

Wakangoja majuma mengi. Kumbe chuo kilikwisha kujibu. Jibu lilikuwa limepelekwa kwa anwani ya barua pepe iliyoandikwa katika fomu, yaani anwani ya kijana wa duka. Na ndani ya jibu hilo ilitajwa siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Kijana mwenyewe alikuwa amehama mji, tena alikuwa amewaandikia watu wengi kwa anwani ile ile, wala hatudhani kwamba alilikumbuka jina la binti. Ndugu yetu alipotuletea ile karatasi, tukaenda naye kwa mwalimu mmoja mwenye kompyuta. Mwalimu akafungua mahali penye maombi, akatugeukia, akauliza, "Nywila ni ipi?" Tukatazamana. Siku ya mwisho ilikuwa imepita kwa siku nne. Binti akakaa nyumbani mwaka mzima, akiuza mboga pamoja na mama yake, na wenzake aliosoma nao wakaenda.

Kijana yule hatumlaumu sana, maana alitaka kurahisisha kazi, na watu walikuwa wengi mlangoni pake. Lakini tulipolichunguza jambo lenyewe tuliona kwamba mwaka wa binti ulipotea kwa ajili ya maneno mawili tu ambayo sisi wazee wake hatukuyajua: barua pepe na nywila. Kwa hiyo hatutafuata mpango wa vitabu vya shule, vianzavyo kwa kutaja viungo vya mashine. Tutaanza pale penye hasara.

Barua pepe ni barua ipelekwayo kwa mtandao, bila karatasi wala stempu, nayo hufika kwa nukta chache hata ng'ambo ya bahari. Neno pepe latukumbusha upepo na wepesi wake. Lakini barua haiendi bila anwani. Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili, na katikati yake pana alama iliyo kama herufi a ndogo iliyozungushiwa mkia, hivi: @. Upande wa kushoto ni jina alilojichagulia mtu. Upande wa kulia ni jina la mahali zinapotunzwa barua zake. Mmarekani mmoja, Ray Tomlinson, ndiye aliyeichagua alama hiyo mwaka 1971, alipotuma barua ya namna hii kutoka mashine moja hata nyingine. Aliitwaa kwa kuwa haikuwa ikitumika katika majina ya watu. Herufi moja ikikosewa katika anwani, barua haifiki, au yafika kwa mtu mwingine kabisa. Hakuna karani wa posta wa kukisia kwamba ulikusudia kuandika jina hili na si lile.

Zamani kijiji kizima kilitumia sanduku moja la posta, la shule au la misheni, na mwenye ufunguo ndiye aliyeleta barua za wote. Desturi hiyo ilitufaa, kwa kuwa mwenye ufunguo alijulikana, alikaa karibu, na barua aliyokabidhiwa aliiona kwa macho na kuishika kwa mkono. Twadhani ndiyo iliyotudanganya. Tuliona anwani ya kijana wa duka kuwa kama sanduku lile. Walakini barua pepe yazidi sanduku la posta kwa jambo moja kubwa. Mtu akisahau nywila yake mahali po pote katika mtandao, huona pale chini maneno haya, "Umesahau nywila?" Akiyabonyeza, hupelekewa njia ya kuweka nywila mpya, na njia hiyo hupelekwa kwa barua pepe yake au kwa namba yake ya simu. Maana yake ni kwamba aliye na barua pepe yako, au simu yako, aweza kujifanyia ufunguo wa kila mlango ulio wako. Yeye si mbeba barua tu. Amekuwa mhunzi wa funguo zako. Basi ye yote afanyaye maombi ya chuo, au ya kazi, au ya kitambulisho, na aandikishe anwani yake mwenyewe na namba ya simu isiyo ya kuazima. Kufungua anwani hakuna malipo, na kijana wa duka aweza kukusaidia kuifungua kwa muda ule ule autumiao kuandika ya kwake.

Nywila ni neno la siri. Wengine huliita nenosiri, nao hawakukosea. Mahali ulipoandikishwa jina lako katika mtandao huitwa akaunti, na akaunti ni kama chumba chako ndani ya nyumba kubwa yenye wapangaji wengi. Nywila ndiyo ufunguo wa chumba hicho. Ukiandika jina lako na nywila yako ili kupita, huko huitwa kuingia. Na ukimaliza, yakupasa kutoka. Neno hili kuingia lina habari yake. Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969, wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Los Angeles, katika Marekani, walijaribu kwa mara ya kwanza kupeleka maneno kutoka kompyuta yao hata kompyuta nyingine iliyokuwa mbali, mamia ya kilomita. Neno walilotaka kuandika lilikuwa ndilo hilo, ingia, kwa Kiingereza herufi tano. Wakapeleka herufi ya kwanza, L, ikafika. Wakapeleka ya pili, O, ikafika. Kabla ya ya tatu mashine ya upande wa pili ikazimika. Baada ya saa moja hivi wakajaribu tena, neno lote likapita. Kwa hiyo msomaji akosaye kuingia mara ya kwanza asione haya. Hata waanzilishi walishindwa kwa neno lilo hilo.

Kutoka ndiko tusahauko. Mtu huenda dukani, huingia katika akaunti yake kwa kompyuta ya duka, husoma aliyoyataka, kisha huinuka na kwenda zake, mlango wake ukiwa wazi kwa yule akaaye kiti hicho baada yake. Kufunga dirisha si kutoka. Tafuteni neno Toka, mlibonyeze, mngoje mpaka mashine iwaombe nywila upya. Hapo ndipo mmetoka.

Juu ya kuchagua nywila tuna maneno machache. Jina la mtoto wako halifai, wala mwaka wa kuzaliwa kwako, wala tarakimu zifuatanazo 1234, kwa maana mwizi huanza kwa hizo. Nywila ndefu yashinda nywila fupi, ijapokuwa ile fupi ina alama za ajabu. Twaeni maneno manne yasiyohusiana hata kidogo, kama jina la chombo cha jikoni, na mnyama, na rangi, na mji msioupenda, mkayaunganisha. Mashine ya mwizi itachoka kuyakisia, na ninyi hamtayasahau. Wako wasemao kwamba nywila isiandikwe po pote. Sisi, kwa mashauri yetu, twaona kwamba kwa nyumba zetu nyingi daftari dogo lililofungiwa katika sanduku la nguo ni salama kuliko kichwa cha mgeni wa dukani. Lakini daftari hilo lisitembee sokoni.

Sasa twaweza kuitazama mashine yenyewe, wala hatutakawia hapo, kwa kuwa macho yenu yatafanya kazi iliyobaki. Uso wa kompyuta, unaoonyesha maandishi na picha, huitwa skrini. Vitabu husema kiwambo. Neno hili la pili ni letu tangu kale, la wapigao ngoma, maana kuwamba ni kuvuta ngozi mpaka ikakaza. Ubao wenye herufi huitwa kibodi, na kila kidude kibonyezwacho ni kitufe. Kipanya ni kile kidude cha kuviringishwa juu ya meza, kiendeshacho mshale katika skrini. Cha kwanza alikibuni Mmarekani Douglas Engelbart, na mwaka 1964 kikatengenezwa kwa mti, na magurudumu mawili chini yake; kamba yake ikaonekana kama mkia, ndipo jina la panya likakipata. (Wakazi wa Dar es Salaam walisikia jina hilo kwa zile motokaa ndogo za abiria, vipanya, nazo hazina uhusiano na jambo letu.) Katika simu ya kugusa hakuna kipanya, kidole ndicho kipanya. Tena simu hiyo, msisahau, ni kompyuta kamili. Kila neno tulielezalo hapa lafanya kazi ndani yake.

Programu ni maagizo ambayo kwayo kompyuta hufanya kazi fulani: moja ya kuandikia barua, nyingine ya kupigia hesabu. Kazi unayoifungua hukaa ndani ya dirisha, na madirisha mengi yaweza kufunguliwa pamoja, moja juu ya jingine. Kitu kimoja ulichokiandika au picha moja uliyoipiga ni faili. Mafaili mengi huwekwa katika folda, nayo wengine huiita kabrasha.

Lakini juu ya neno hifadhi twaomba mtuvumilie, kwa maana limetugharimu. Siku moja tulikaa tangu asubuhi hata alasiri tukiandika katika kompyuta orodha ya wanachama wa chama chetu cha kuweka na kukopa, majina mia na arobaini, na mbele ya kila jina fedha alizoziweka mtu. Tulipofika jina la mia na thelathini na mbili, umeme ukakatika. Uliporudi tukafungua mashine, tukakuta ukurasa mweupe kama siku ulipoumbwa. Hapo ndipo tulipofundishwa kwamba kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili. Iko ya kazi, ambayo hushika mambo maadamu umeme unapita, na umeme ukikoma yote huyeyuka. Na iko ya kudumu, ambayo hushika hata mashine ikiwa imezimwa na kufungiwa sandukuni. Uandikapo, maneno yako yamo katika kumbukumbu ya kwanza. Ubonyezapo Hifadhi, ndipo yanaponakiliwa katika ya pili. Mfano wake ni mtu atajaye deni lake barazani na karani aliandikaye katika kitabu. Neno la kinywa na neno la kitabu ni neno moja, lakini baraza likivunjika, moja tu ndilo linalosalia. Programu nyingine siku hizi hujihifadhia zenyewe kila baada ya dakika chache, lakini si zote, nasi hatukujua yetu ni ya namna gani. Na mtu akifunga kazi yake bila kuhifadhi, mara nyingi mashine humwuliza, "Je, wataka kuhifadhi?" Ajibuye La kwa haraka ameichana karatasi yake mwenyewe.

Futa ni kuondoa. Vilivyofutwa katika kompyuta mara nyingi huenda kwanza katika pipa la taka, na vyaweza kurudishwa kabla pipa halijamwagwa. Lakini msilitegemee pipa hilo kama kabati. Nakili ni kutwaa mfano wa kitu na kukiacha chenyewe mahali pake. Kata ni kukiondoa. Bandika ni kukiweka mahali papya. Liko neno moja zaidi ambalo twalipenda kuliko yote, nalo ni tendua. Mababu zetu walituachia njia hii ya kugeuza vitendo: funga, fungua; ziba, zibua; choma mwiba, chomoa mwiba. Wataalamu wakaifuata wakasema: tenda, tendua. Ukikosea, ukafuta mstari usiokusudia, bonyeza Tendua na mstari warudi. Laiti umeme ungalikuwa na kitufe cha namna hiyo siku ile ya orodha yetu!

Na tuje kwenye mtandao. Wengi hudhani kwamba mtandao umo ndani ya simu, au unakaa hewani. Neno lenyewe latoka katika kutanda, kama utando wa buibui, nalo lafaa, maana mtandao si kitu kimoja bali ni kompyuta nyingi mno za dunia zilizounganishwa. Intaneti ni jina lake jingine. Simu yako husema na mnara kwa mawimbi ya hewani, lakini kuanzia mnara safari ya kwenda mbali hupita katika nyaya, na nyingine zimelazwa chini ya bahari. Mwaka 2009 ulianza kazi waya uitwao SEACOM, uliofika Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka 2010 ukafuata ule uitwao EASSy. Kabla ya hapo pwani yetu ilitegemea zaidi setilaiti, ambayo ilikuwa ya polepole na ya gharama. Ndani ya nyaya hizo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kipitacho humo ni mwanga. Mwezi wa Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika baharini upande wa kusini, na mtandao ukadhoofika katika Tanzania na nchi za jirani. Watu wengi walizima simu zao na kuziwasha tena mara nyingi siku ile, na wengine wakawagombeza watoto kwamba wameziharibu.

Tovuti si mtandao. Mtandao ni barabara zote; tovuti ni nyumba moja iliyo kando ya barabara, ya shule au ya serikali au ya mwenye duka, yenye anwani yake. Wako waiitao wavuti, na ndani ya neno hilo wasikika wavu. Utaratibu huu wa tovuti ulitungwa na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyeupendekeza mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi CERN, katika Uswisi; kwa hiyo ni mdogo kuliko mtandao wenyewe kwa miaka ishirini. Programu ya kutembelea tovuti huitwa kivinjari, neno la wanamaji, maana chombo kizungukacho pwani kikichungulia huku na huku husemwa kwamba kinavinjari.

Kupakia na kupakua kina mama watayaelewa upesi kuliko kina baba. Kupakia ni kutia mzigo chomboni: ukipeleka picha yako kutoka simu yako hata mtandaoni, umeipakia. Kupakua ni kutoa: ukitwaa fomu kutoka tovuti ukaiweka katika simu yako, umeipakua, kama apakuaye chakula kutoka chungu akitia katika sahani. Lakini mfano huu una upungufu mmoja, nao ni wa kuangalia sana. Chungu cha mtandao hakipungui. Uliyoipakua bado imo, na wengine waipakua. Na picha uliyoipakia hubaki kwako, na papo hapo iko kwa watu usiowajua, nao waweza kuinakili mara elfu. Ndiyo sababu twawasihi wazazi wafikiri kabla ya kupakia picha za watoto wao. Hakuna Tendua ifikayo katika simu ya mtu mwingine.

Kupakia na kupakua hula bando. Bando ni kipimo cha mtandao ulichonunua, na kipimo chake ni baiti. Herufi moja ya maandishi yetu ya kawaida ni baiti moja. Ukurasa wenye herufi 2,000 ni baiti 2,000, yaani kilobaiti 2. Baiti milioni moja ni megabaiti, na megabaiti elfu moja hivi ni gigabaiti. Basi picha moja ya megabaiti 3 yala bando sawasawa na kurasa 1,500 za maandishi ya namna hiyo, na video zala zaidi sana. Mzee mmoja alitulalamikia kwamba bando lake limeibwa usiku. Tulipouliza, mjukuu wake alikuwa ametazama mpira.

Limebaki neno moja lenye meno, nalo ni kiungo. Jikoni kiungo hutia ladha, na mwilini huunganisha mfupa na mfupa. Katika mtandao kiungo ni maneno au picha ambayo ukiigusa yakupeleka mahali pengine. Viungo vingi ni vyema, wala pasipo viungo tovuti zisingalikuwa na faida. Lakini wezi nao huvitumia. Hutuma ujumbe kwamba umeshinda zawadi, au kwamba akaunti yako itafungwa leo, na chini yake kiungo. Ukikigusa, wafika katika tovuti iliyopambwa ifanane na ile uijuayo, nayo yakuomba nywila yako. Hapo msitazame rangi wala picha. Tazameni anwani iliyo juu ya skrini. Majina ya tovuti za Tanzania huishia .tz, na za Kenya .ke. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia .go.tz, vyuo vikuu .ac.tz. Someni mwisho wa jina la tovuti, yaani sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza, kwa maana mwizi aweza kuandika neno lo lote zuri mwanzoni, lakini mwisho hauandiki apendavyo. Kadhalika, ukiletewa kwa simu tarakimu chache za kuthibitisha, kisha mtu akakupigia akisema, "Mama, nisomee tarakimu hizo," usimsomee, hata akikuita kwa jina lako na jina la baba yako. Tarakimu hizo ni nywila ya dakika chache, na yeye yuko mlangoni pako akiingojea.

Wako waliotuuliza kama ni halali kusema kompyuta, iwapo liko neno tarakilishi. Tarakilishi ni neno zuri, lasikika ndani yake tarakimu, na wenzetu wa Kenya hulifundisha shuleni. Lakini sokoni kwetu ukilitaja, watu wakutazama. Hata daftari na meza ni maneno yaliyokuja kwa jahazi au kwa meli au kwa kuazimana, nasi twayasema bila kuona haya. Twaona vema kutumia neno lieleweke, na pale Kiswahili kilipo na neno lake jepesi, kama hifadhi na pakua, tusilikimbie. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walionyesha mwaka 2004 kwamba yawezekana, walipotoa pamoja na wenzao wa Sweden programu ya kuandikia iitwayo Jambo OpenOffice, yenye maagizo yake kwa Kiswahili. Na simu nyingi sasa zaweza kugeuzwa zikasema Kiswahili. Tulipoigeuza ya kwetu, watoto walilalamika kwamba hawaoni kitu. Kumbe walikuwa wamekariri mahali pa kubonyeza, wala hawakuyajua maneno.

Binti wa ndugu yetu aliomba tena mwaka uliofuata. Alifungua anwani yake mwenyewe mezani petu, kwa simu ya mjomba wake, akaandika nywila huku ametufunika kwa mkono tusiione, akasema, "Samahani, baba mkubwa." Tukamwambia asiombe radhi. Jibu la chuo lilifika usiku mmoja, akaliona asubuhi kabla chai haijachemka, akathibitisha siku iyo hiyo. Sasa yuko mwaka wa pili. Daftari lake limo katika sanduku la mama yake, na baba yake, ambaye sasa ana simu ya kugusa, hubonyeza Toka mara mbili, kisha hututumia ujumbe kuuliza kama kweli ametoka.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza maneno ya fedha ya simu: salio, wakala, muamala, na ile namba ya siri iliyowagombanisha wengi na wake zao. Wenye maswali wayaandike na kutuletea kabla ya Jumapili ya pili.